Vita vya Almasi Mbili Sebuleni kwa Muuza Nyama

Songeni karibu, enyi majirani wa ukuta mmoja, mlioacha vyungu mekoni na mliokuja navyo. Aliye mlangoni aingie, aliyeingia akae, aliyekaa asimlalie mwenziwe begani, maana nitakayoyanena ni makuu, wala sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwapo kwa macho yangu mawili, nimekalia ndoo iliyofudikizwa, viti vyote vikiwa vimekwisha tekwa.

Namtaja shujaa. Ndiye Kisu Kimoja, muuza nyama wa pale kona, bwana wa ndoana kumi na mbili, mpasua mbavu, sultani wa gogo, ambaye fahali mzima mbele yake hakuwa ila hesabu ya mafungu. Mkono wake haukupata kusita mbele ya pembe wala kwato. Lakini Jumapili ile, vyombo vya mchana vikiwa havijaondolewa mezani, ulisita mbele ya simu. Kwani alikuwa ameazimia kumchumbia fundi cherehani wa mtaa wa pili, na jiwe la pete alikuwa akilichagua mtandaoni, katika duka asilopata kulikanyaga, kati ya almasi mbili za mviringo zenye bei moja kama mapacha wenye sare moja.

Na ili mjue ukubwa wa hatari, sharti niwarudishe kwenye siku waliyoonana mara ya kwanza. Binti yule alifika buchani akataka kilo ya steki. Kisu Kimoja akaweka mizanini pande jekundu, zuri, mshale ukasimama pale pale panapotakiwa. Wateja wote hapo hushukuru wakaenda zao. Yeye akatamka neno moja: "Geuza."

Likageuzwa. Chini yake pakaonekana mfupa mpana kama mwiko.

"Kaka," akasema binti, "mimi nashona. Nguo naiangalia kwanza upande wa ndani. Ukinifichia mfupa mara ya pili, hunioni tena."

Tangu saa ile shujaa akapenda, na mifupa akaacha. Ila tishio halikufutwa. Lilining'inia juu ya kichwa chake kama paja kwenye ndoana.

Sasa tazameni uwanja wa vita. Kochini, ubavuni mwa simu, alikaa Shangazi, dada wa baba yake, amiri jeshi asiyeteuliwa na mtu. Mkabala naye Kinyozi, sahibu wa shujaa tangu utotoni. Karibu na mlango Mama yake, mwenye huruma nyingi na maoni machache. Nyuma yetu sisi majirani, jeshi la miguu, kila mtu na simu yake mkononi, naye amezifungua almasi zile zile ili asipitwe.

Almasi ya kwanza ilikuwa na uzito wa karati moja na ushee. Ya pili ilipungua kidogo, haikufika moja. Shangazi akasimama, akajifunga khanga kiunoni, akanena:

"Nisikilizeni, enyi kizazi cha mizani! Babu yenu alipima, baba yenu akapima, na huyu niliyembeba mgongoni anapima. Bei moja, uzito mbalimbali, halafu mnaniuliza shauri? Chukua nzito, mwanangu, kabla sijakukana mbele ya hawa waliokuja kunywa chai yetu!"

Kinyozi akainuka, mkono kifuani. "Shangazi, kwa heshima na taadhima. Miaka kumi na sita nanyoa vichwa. Kichwa kikubwa si kichwa kizuri. Jiwe nalo ni mkato, Shangazi! Mkato ndio mambo yote!"

"Wewe na mkato wako! Si wewe uliyemnyoa mjukuu wangu akatoka kama korosho?"

Nyumba ikaangua kicheko, na Kinyozi akaketi, amejeruhiwa lakini hajafa.

Ndipo msiba ulipoingia. Chini ya picha ya ile nzito pakatokea maandishi mekundu: *Watu saba wanaitazama almasi hii sasa hivi.*

"Saba!" akalia Mama.

"Saba!" akanguruma Shangazi. "Jumapili yote hii hawana kwao? Hawana wachumba wao? Bonyeza, mwanangu, wasije wakatupokonya! La, ngoja, mtandao unasuasua. Nyie wote zimeni simu zenu, apate nguvu peke yake!"

Tukazizima, mmoja mmoja, kama askari wanaoweka silaha chini. Na lo! adui akaanza kupungua. Wakawa watano. Wakawa watatu.

"Wanakimbia!" akapiga kelele Kinyozi. Vigelegele vikapaa hadi kwenye feni.

Wakawa wawili. Mama akaitia simu yake kwenye mkoba. Akabaki mmoja.

"Huyo mmoja ni mkaidi," akasema Shangazi akikunja mikono ya gauni. "Ni nani huyo? Ana nini na sisi?"

Kisu Kimoja akainua uso taratibu. "Shangazi. Huyo ni mimi."

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa naangalia rangi tu." Mimi mwenyewe niliangalia ndoo.

Hapo shujaa akalitazama jiwe zito kwa mara ya kwanza bila makelele masikioni. Lilipigwa picha kwa juu, liking'aa chini ya taa, kama pande la steki mizanini. Akamwandikia muuzaji wa duka lile: "Dada, tafadhali, geuza."

"Nigeuze vipi, kaka?"

"Zilaze ubavu, zote mbili, pamoja. Uzipeleke dirishani. Taa sitaki."

Video ikaja, tukagongana vichwa. Enyi wasikilizaji! Ile nzito ilikuwa na tumbo. Uzito wake wote ulikuwa umeshuka chini, umejificha pasipoonekana pete ikivaliwa. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko wa mwenziwe, na katikati yake giza kama kitako cha sufuria. Ile nyepesi ilikuwa imekaa sawa, pana, na mwanga wa dirisha ulioingia ndani yake ulirudi wote juu.

"Shangazi," akasema Kisu Kimoja, "huo ni mfupa."

Shangazi akavaa miwani. Akatazama. Akavua miwani. "Naujua mfupa huo," akasema. "Ndio marehemu baba yako aliokuwa akiwauzia wageni. Chukua nyepesi."

Kinyozi alifumbua kinywa. Shangazi akamtazama. Akakifumba.

Ndipo kidole gumba kile, chenye makovu ya vita mia, kikapaa juu ya kioo, kikashuka.

Pete ilifika baada ya wiki tatu, nasi tukafika kabla yake. Fundi cherehani hakuivaa. Alivua kastabini kidoleni, akaenda na pete dirishani, akaipindua, akaitazama kwa chini, kwa ubavu, kwa ndani. Watu kumi na wanane tukanyosha shingo.

"Hakuna mfupa," akasema, akatoa kidole avishwe.

Basi na ijulikane kwa walio hai na watakaozaliwa, kwamba Jumapili ile, kati ya chakula cha mchana na chai ya alasiri, mtu mmoja alibonyeza mahali pamoja, mara moja, na hakukosea.