Malalamiko Dhidi ya Mwenzetu Aliyeleta Programu Inayofanya Kazi

Kwa Mhadhiri Msimamizi wa Miradi,

Shikamoo mwalimu. Natumaini u mzima na kusahihisha hakujakuchosha. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha programu ya foleni ya zahanati, kile chenye slaidi nzuri kuliko vyote. Nakuomba kwa heshima zote umwondoe mwenzetu mmoja, tunayemwita Bi Jaribu Tena, kabla ya onyesho la kesho. Tukianguka tunarudia mwaka, na mama yangu ameshawatangazia majirani kwamba namaliza. Sababu zangu ni hizi:

1. Tulikubaliana kwamba hili ni onyesho la wazo. Wazo tu! Nikatengeneza picha za skrini zinazofuatana. Bonyeza popote upendapo, mgonjwa anaambiwa yeye ni wa tatu. Wote ni wa tatu, hakuna wa kulalamika kwamba mwenzake kapendelewa. Programu yangu haijawahi kukosea, maana haifanyi chochote.

2. Huyu dada, bila kutumwa na mtu, akaandika inayofanya kazi kweli. Mgonjwa akiandikishwa anapangwa, akihudumiwa foleni inasogea. Jamani, kitu kinachosogea si kinaweza kukwama? Kikikwama mbele ya wageni, aibu ya nani?

3. Wakati sisi tunatoka jasho kuchagua rangi ya slaidi ya kwanza, yeye kamleta maabara muuguzi wa zahanati ya chuo aijaribu. Muuguzi! Akabonyeza hovyo, ikagoma, akacheka mpaka akashika mbavu. Bi Jaribu Tena akamshukuru, akakaa akarekebisha. Mtu anachekwa halafu anashukuru! Huyo ni wa kuaminiwa kweli?

4. Ameanza kuwaambukiza wengine. Mpole wetu, ambaye kazi yake ni kubadilisha slaidi basi, juzi kaniuliza mradi wetu unafanyaje kazi. Nikamwonyesha tena slaidi ya kwanza. Mwalimu, tukilea mambo haya, mwakani kila kikundi kitaleta kitu kinachofanya kazi, nanyi wahadhiri mtalazimika kuvielewa. Nakuonea huruma mapema.

Kwa hiyo aondoke leo, na hilo liprogramu lake aende nalo.

Nisalimie katibu wa idara, fundi wa maabara, mlinzi wa getini na wote nyumbani kwako.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Kiongozi wa Kikundi na Msanifu wa Slaidi

Tanbihi: Nimetoka kuona tangazo lako mlangoni, kwamba kesho wahadhiri wenyewe mtakaa kwenye kompyuta na kuandikisha wagonjwa mnaowataka. Tafadhali sana, puuza yote niliyoandika hapo juu. Dada yetu huyu ndiye kikundi chenyewe. Tatizo ni kwamba, kwa kupenda haki, nilishampa nakala ya barua hii asubuhi. Aliisoma yote, akasema sawa, akachomoa chaja yake. Sasa yuko chumba cha pili na kikundi kingine, nasikia wanapiga makofi. Mwalimu, nimegonga mlango wao, hawafungui.