Vitabu vya Kusikiliza na Jicho la Hajji Mahmood

Jumatatu, 10 Julai 2017. Bwera.

Lori limekwama tena kwenye foleni ya mpakani. Simenti, turubai, jua. Madereva wenzangu wanacheza ludo na kulalamika. Mimi nasikiliza vitabu. Ndiyo, vitabu! Vimo ndani ya simu, mzungu anasoma, mimi naendesha. Sidhani kuna msomi wa kunizidi kati ya Kasese na Bwera, na sijafungua ukurasa hata mmoja tangu niache shule.

Maoni yangu, kwa faida ya vizazi. Hadithi za mazimwi na wafalme: tamu, ila wanashangaa mno theluji juu ya mlima. Theluji! Mimi naiona Kasese nikipiga mswaki, mawingu yakikubali. Vitabu vya dunia iliyoharibika, ambako serikali inampangia kila mtu saa ya kulala na mahali pa kuishi: bora kuliko vyote, na msomaji huwa na sauti nzito. Vitabu vya kweli, vya kumfundisha mtu afanikiwe: hivyo ni silaha. Nimesikiliza vingi sana. Mafanikio yangu yako njiani, labda nayo yamekwama kwenye foleni.

Sasa habari kubwa. Madaktari wa macho wamepiga kambi kwenye ukumbi wa hapa Bwera. Hajji Mahmood, baba yake Nasifah, ametolewa mtoto wa jicho leo asubuhi. Atalala humo na wazee wenzake mpaka Jumamosi, jicho moja limefungwa kitambaa, na lile jingine lilishaingia ukungu zamani.

Nasifah! Anauza vitenge sokoni na hacheki ovyo. Nampenda, basi. Nimeshapeleka posa. Wahabu, muuza matairi, naye kapeleka. Hajji amesema atatoa jibu Jumamosi jicho likifunguliwa, maana hawezi kumwoza binti yake kwa mtu ambaye hajamwona uso. Wahabu ana duka, ana ndevu nzuri, anajua kuadhini. Lakini mpaka Jumamosi Hajji anaishi kwa masikio, na masikio ni idara yangu. Namhurumia Wahabu.

Jumanne, 11 Julai.

Nimeingia ukumbini na spika yangu. Wazee saba vitandani, wamepangwa kama mikungu ya matoke. Sista Medius, nesi mkuu wa kambi, amenikubalia kwa sharti moja: wazee wasiiname wala wasitikisike. Nikamwambia kitabu hakimtikisi mtu.

Nikaanza na zimwi. Kiingereza cha puani. Baada ya muda kidogo mmoja alikuwa anakoroma na mwingine anaomba niweke mpira. Hapo akili ikafanya kazi. Kwenye vibanda vya video si kuna yule jamaa anayepunguza sauti na kuieleza filamu kwa lugha yetu, akiongeza na ya kwake? Nikafanya hivyohivyo. Nikamshusha mzungu, nikampandisha Ashiraf, yaani mimi mwenyewe.

Moto! Ila wazee hawa ni wakaguzi wakali. Kitabuni kijana yatima anadai kiti cha ufalme. Mzee Kosmasi, mkulima wa Kitswamba, kitanda cha pili, akauliza ukoo wake ni upi. Kitabu hakisemi. Nikasema ni mtu wa Bwesumbu, huko milimani kwetu, akaridhika. Zimwi likachoma mji. Hajji Mahmood, ambaye ameendesha malori maisha yake yote, akauliza huo mji ulikuwa unapata wapi chumvi. "Mutoto yangu, mufalme gani hana hata lori moja?" Nikamtilia Fuso. Zimwi likaifukuza Fuso kwenye mteremko, na Hajji akawa anakanyaga breki kitandani. Sista Medius akaja mbio kumzuia mguu.

Wahabu alileta chai ya maziwa na mkate, akawasomea gazeti la wiki iliyopita. Hakuna aliyemuuliza swali. Nasifah, kwenye mkeka kando ya baba yake, alitabasamu kidogo. Kwangu au kwa zimwi, haidhuru.

Jumatano, 12 Julai.

Leo kitabu cha kweli. Kinafundisha kuamka kabla ya jogoo, kuoga maji baridi, kujituma. Nikatafsiri kwa sauti ya mwalimu mkuu. Mzee Kosmasi akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mimi naamukaka mbele ya jogoo tangu niko mutoto. Maji yangu iko ya mulima, baridi kabisa. Sasa ile mafanikio iko wapi?" Nikasema iko sura ya saba. Wakataka sura ya saba. Sura ya saba inahusu kununua hisa za makampuni. Tukaahirisha.

Haidhuru, mafunzo nayatumia mimi mwenyewe. Kitabu kinasema mtazame mkubwa machoni bila kupepesa. Nikamtazama Hajji kitambaani kwa muda mrefu. Nasifah akaniuliza kama na mimi nimekuja kutibiwa. Kitabu kinasema tena usikae chini ya mkubwa. Kaa kimo chake, karibu naye, ajue unajiamini. Kiti hakikuwepo. Nikakaa kitandani.

Kitanda kikalia. Najua, najua! Mkwe hakai kitandani kwa baba mkwe, huku kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua. Asiyejua ni mwandishi. Hajji akapapasa godoro, akauliza kwa sauti ndogo ya kutisha ni nani huyo amekaa juu ya kitanda chake. Nikaruka kama nimekalia siafu. Sikujibu. Mara Wahabu akaingia na chupa ya chai, akatoa salamu karibu kabisa na kitanda. Hajji akadhani ni yeye! Akamwambia apeleke makalio yake dukani akayaweke juu ya matairi. Wahabu akaomba radhi bila kujua kosa lake. Mpole mno yule, sijui anauzaje. Mimi nikanyamaza. Kitabu kinasema kimya ni nguvu.

Nasifah alinitazama machoni bila kupepesa. Labda naye amekisikiliza.

Alhamisi, 13 Julai.

Nitaandika yote, bila kuficha.

Leo niliwaletea kitabu changu bora, cha dunia iliyoharibika. Mtawala anaamuru kila aliyepita miaka sitini aondolewe mjini, apelekwe nyuma ya mlima, na bakuli moja tu mkononi. Utangulizi unachosha, nikauruka, nikaanzia kwenye tangazo lenyewe. Sauti nikaikaza kama ya yale magari ya matangazo yanayopita sokoni. Wazee wote! Mkusanyike! Mje na bakuli moja! Wazee walikuwa ndiyo kwanza wanaamka usingizi wa mchana, na hakuna aliyewaambia kwamba kitabu kimeanza. Halafu king'ora cha kitabuni kikalia. Kimerekodiwa vizuri sana, hilo nalisifu. Saa hiyohiyo Sista Medius akanipigia kelele dirishani niondoe lori langu, nililoliegesha hapo kusubiri foleni, limezuia gari la madaktari. Nikatoka. King'ora nikakiacha kinaendelea.

Lori nikalipeleka nyuma ya ukumbi. Mbele kidogo nikakutana na fundi wa rejeta, nikamweleza jinsi nilivyokaribia kuoa. Maelezo yakarefuka. Niliporudi, vitanda vitupu. Spika inahutubia mashuka. Mabakuli yote ya uji hayapo.

Nasifah alikuwa ameenda kuswali. Akarudi, akaona kitanda, akaniona mimi. Akaniuliza baba yake yuko wapi, na mimi, mtafsiri wa kila kitu, nikamwonyesha spika. Nikaogopa. Nikaogopa kweli. Daktari alishasema jicho likitikiswa mapema linaweza kupotea, na Hajji hana jingine la kutegemea. Nilimwona akiongozwa kwa fimbo mpaka kaburini, na mwenye kosa ni mimi.

Nikarukia lori, nikafuata barabara ya Kisinga. Mbio! Mashimo yote niliyapitia, sikubagua hata moja. Kila penye watu nilisimama nikapiga kelele: Wazee wako wapi? Natafuta wazee! Mwenye kuwaona aseme! Hakuna aliyewaona. Mama mmoja muuza ndizi akanijibu kwamba wazee wamejaa kila mahali, ninataka wa aina gani.

Kwenye kizuizi cha polisi nikasimamishwa. "Wewe! Zima injini! Shuka chini! Umebeba nini?" Nikasema simenti, afande. Afande akainamisha sikio upande wa nyuma. "Simenti inakohoa?" Akavuta turubai.

Wazee saba juu ya mifuko. Weupe kwa vumbi, jicho moja moja limefungwa, kila mmoja na bakuli lake. Kumbe walitoka mlango wa nyuma wameshikana mabega. Hajji akagonga tairi, akapapasa bodi, akajua ni Fuso, akawapandisha wote kwa ngazi na kujifunika turubai. Walitaka kujificha tu. Kisha lori likaondoka, na njia nzima wakawa wanamsikia mtu akiwasaka kwa sauti kubwa. Ni mimi huyo!

Mzee Kosmasi akaninyooshea bakuli. "Afande, tusaidie. Huyu mutu iko natutafuta tangu Bwera!"

"Kaa chini!" afande akaniambia. "Mikono juu! Unaiba wazee?" Nikakaa chini. Hajji alikuwa ameshika kitambaa cha jicho kwa viganja viwili.

Ijumaa, 14 Julai.

Sista Medius alikuja mwenyewe kituo cha polisi kumweleza afande ukweli, nikaachiwa. Wazee walirudishwa kwa gari la madaktari, taratibu, shimo kwa shimo. Mimi nimepigwa marufuku kukanyaga ukumbini. Nimekaa nje, chini ya dirisha.

Wazee sita hawakudhurika. Jicho la Hajji limevimba. Daktari kaongeza dawa, akasema hawezi kuahidi chochote mpaka kesho. Nilimsikia Nasifah akilia ndani, kilio cha kujizuia, na sijawahi kujichukia hivi.

Baada ya swala ya Ijumaa Wahabu akaja kumwombea Hajji dua. Niliitikia amina dirishani kwa sauti kubwa kuliko wote. Ilitoka moyoni, si kwa kushindana. Labda kidogo. Jioni nilijaribu kusikiliza kitabu, nikasikia kelele tu. Lakini sikati tamaa. Katika hadithi zote, kabla ya mwisho mwema huwa kuna siku kama hii. Mtu asiyesikiliza vitabu hawezi kulijua hilo.

Jumamosi, 15 Julai.

Jicho linaona! Alhamdulillahi! Limeona!

Kitambaa kilipotolewa Hajji aliitazama mikono yake, akatazama ukuta, kisha akamtazama Nasifah mpaka machozi yakamtoka, na daktari akamkataza kulia. Mimi nililia mlangoni. Hakuna aliyenikataza.

Akatuita tuliopeleka posa. Akamtazama Wahabu, akanitazama mimi. Akasema nina uso wa mtu mwongo, ila si mbaya. Halafu akasema yeye kazi yake ilikuwa kuona tu, na ameona. Sasa aseme mwenye kuolewa.

Nasifah akasema lori angelisamehe. Tangu mama yake afariki hajamsikia baba yake akicheka kama leo asubuhi, alipokuwa anamsimulia daktari habari ya simenti inayokohoa. Ila kitanda hawezi kukisamehe. Nilikaa mimi, akatukanwa mwingine, na mimi nikasimama pale kimya kama sijui lolote. Alisema kwa upole, bila hasira yoyote, na hapo ndipo palipouma. Anaolewa na Wahabu.

Hajji akamgeukia Wahabu kumwomba radhi kwa yale maneno ya makalio. Wahabu akasema yamepita. Akanishika mkono hata mimi, akanitakia safari njema. Ningependa kumchukia na hanipi nafasi.

Nimekaa ndani ya lori tangu wakati huo. Nimeumia, sifichi. Nitapita sokoni na sitageuza shingo upande wa vitenge, kwa muda. Nimewaza sana, kwa haki, bila kujipendelea. Na nimelipata jibu.

Zimwi lilipendwa. Dunia iliyoharibika imemfanya mzee acheke, binti yake kasema mwenyewe mbele ya mashahidi. Kilichoniponza ni kitabu cha kweli! Ndicho kilichonikalisha kitandani, ndicho kilichoninyamazisha. Kosa si langu, ni la mwandishi. Vitabu vya kweli nimevifuta vyote kwenye simu, na kifua kimekuwa chepesi.

Jumatatu kambi inapokea akina mama. Mama yake Babirye, yule wa duka la dawa, naye analazwa. Babirye hajaolewa, nimeuliza. Sista Medius amenikataza kuingia ndani, lakini kuhusu dirisha hakusema lolote, na spika yangu ina nguvu. Kitabu nimeshakichagua. Ugonjwa mpya unaanzia hospitalini, milango inafungwa kwa nje, na madaktari ndio wa kwanza kukimbia. Ni kitabu cha kutuliza moyo, ukikisikiliza mpaka mwisho.