Hotuba ya Uzinduzi wa Ghala la Risasi la Kaunti ya Sugarcamp

Mheshimiwa Hakimu wa Makosa ya Barabarani, ambaye naona amekaa karibu na mlango kwa sababu anazozijua mwenyewe. Mheshimiwa Mkuu wa Zimamoto, mwenye ukumbi huu, pamoja na Wakuu wa Zimamoto wastaafu wanne ambao bado wanatoa amri. Baba Padri Stanislav. Malkia wa Viazi wa Kaunti wa mwaka huu, na yule wa mwaka jana, ambao nimeshauriwa wasikalishwe meza moja. Akina mama wa jikoni, ambao pierogi zao zilizojazwa viazi nazisikia kwa pua zikikaangwa na vitunguu. Wazee wetu, wawindaji wetu, wake wa wawindaji na wawindaji ambao wenyewe ni wake. Wapinzani wangu wawili wa uchaguzi ujao, karibuni na poleni. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa!

(Makofi ya watu watatu. Sauti kutoka meza za nyuma: "Bingo inaanza saa ngapi?")

Bingo itaanza pindi nitakapomaliza, na nitamaliza pindi yatakapokwisha niliyokuja nayo. Ndugu wananchi, mimi Harlan P. Zelinko, Kamishna wenu kwa kipindi cha tatu mfululizo, nasimama hapa leo Jumatano, mkesha wa Sikukuu ya Shukrani, zikiwa zimebaki siku tatu tu kabla ya alfajiri ya Jumamosi ya kufungua msimu wa uwindaji, ambayo kila mwenye bunduki katika kaunti hii, na wengine waliojifanya wagonjwa kazini tangu jana, wataingia msituni kumtafuta kulungu; nami nasimama nikiwa na habari njema, habari nzito, habari ambayo imepitia ngazi zote za mchakato shirikishi, kwamba tatizo la uhaba wa risasi na janga la walanguzi wanaozinunua zote dukani na kuja kutuuzia kwa bei ya kuua kabla ya risasi yenyewe, kwa upande wa serikali, limekwisha!

(Minong'ono. Mzee Cletus Fenstermaker anasimama nusu: "Limekwisha vipi na mimi sina hata moja?" Mkewe anamvuta koti: "Kaa chini wewe, pierogi zitapoa.")

Mzee Cletus, nakuelewa. Tumefanya utafiti. Kamati yangu, yenye wajumbe tisa ambao saba kati yao ni mimi katika nyadhifa mbalimbali, imebaini kwamba asilimia mia moja ya wananchi wasio na risasi hawana risasi, na kwamba chanzo ni Jumanne. Ndiyo, Jumanne! Siku gari la mzigo linapofika kwa Bruckner pale njia panda, boksi moja kwa kila mnunuzi, hivyo ndivyo lilivyoandikwa bango la Bruckner kwa maandishi makubwa. Lakini mlanguzi ni mtu wa akili. Hatutamtaja jina.

(Ukumbi mzima: "Rusty!" Rusty Kochanek, kwenye meza ya tano, anapunga mkono kidogo na kuendelea kutafuna.)

Hatutamtaja, nimesema. Mlanguzi huyu huja na mama yake, shangazi zake wawili, binamu sita, na mwenyewe hupita mara tatu, ya kwanza na kofia, ya pili bila kofia, ya tatu na miwani ya shangazi. Boksi analolipata kwa dola ishirini na nne, jioni yake utalikuta nyuma ya pikapu kwenye maegesho ya kanisa, tena upande wa sanamu ya Bikira Maria, kwa dola sabini na tano.

("Themanini!" anasahihisha Rusty. "Sabini na tano ilikuwa wiki iliyopita.")

Themanini, asante, tutarekebisha kwenye ripoti. Na msidhani nazungumza kwa kusikia. Mimi mwenyewe, kwa gharama ya mfuko wangu, nilijitoa mhanga nikanunua maboksi mawili ya risasi za thelathini-thelathini kwa mlanguzi huyo, si kwa kutaka, bali kwa madhumuni ya uchunguzi.

(Kicheko. Sauti: "Uchunguzi utaanza Jumamosi saa ngapi, Kamishna?" Kicheko kikubwa zaidi. Kamishna anakunywa maji mpaka yanaisha.)

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikutaka tupoteze muda na ufa, nikaona twende moja kwa moja kwenye ukuta. Na ndiyo maana leo nazindua Ghala la Risasi la Kaunti: jengo la matofali, paa la bati la kijani, madirisha kumi na mawili ya kuhudumia wananchi, risasi za kila aina kwa bei ya zamani, kila mkazi na namba yake, na dirisha la kumi na tatu la malalamiko ambalo, kutokana na ubora wa huduma, halitafunguliwa. Picha yake hii hapa ukutani. Angalieni lile bati!

("Liko wapi?" anauliza mmoja. Mwingine: "Si hilo hapo ukutani!")

Naja huko. Boksi la kwanza kabisa kutoka Ghala hilo limetengwa kwa ajili ya mama yetu, Mama Verna Hrabchak, ambaye namwona pale mbele na kofia yake ya rangi ya chungwa. Mama Verna ana miaka sabini na sita. Mnajua nyote kwamba mzee wake, Emil, alitutoka wakati wa masika, na kwamba nyama ya majira yote ya baridi katika nyumba ile ni kulungu wa siku ya kwanza, na Mama Verna amenieleza kwa kinywa chake kwamba friza yake sasa ina barafu na keki ya harusi ya mpwa wake. Bunduki ya Emil anayo. Risasi hana.

("Nahitaji mbili tu, Harlan," anasema Mama Verna bila kusimama. "Moja ya kulungu, na moja ya kunitoa wasiwasi." Mzee Cletus anavua kofia yake, anaiangalia ndani, anainama kumnong'oneza jirani.)

Mbili! Utapata ishirini, mama. Ahadi ni deni. Sasa, ndugu wananchi, kabla ya Ghala kufunguliwa, serikali yenu haikukaa ikikunja mikono. Juzi Jumatatu magharibi nilifanya operesheni. Nilipita mbele ya duka la Bruckner nikakuta viti vimepangwa kwenye lami, kumi na saba, vya kukunjwa, vya plastiki, vya jikoni, na hakuna mtu hata mmoja! Nikajiuliza, nani hawa? Nikajijibu, hawa ni ndugu wa mlanguzi, wameweka foleni hewa. Sikusita. Nilivipakia vyote kwenye lori la kaunti la kumwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na kimoja kati ya hivyo nimekileta leo kama kielelezo, hiki hapa chini ya bendera, nami kwa heshima na taadhima nakizindua mbele yenu!

(Anavuta bendera. Ni kiti cha jikoni cha njano, mguu mmoja umefungwa utepe mweusi. Jikoni wameacha kukaanga. Mjini kwetu mtu akiweka kiti chake mahali, mahali pale ni pake, hata theluji ipande mpaka magotini. Watoto wa Sugarcamp hujua hilo kabla ya kujua kusali. Baba Padri anafanya ishara ya msalaba.)

Naona mmeguswa.

("Harlan, mwanangu," anasema Mama Verna. "Hicho ni kiti cha jikoni kwangu. Huo mguu Emil aliufunga mwenyewe. Ulishakaa juu yake ukala supu.")

Ala! ... Mama Verna, kwa kweli utepe huo... katika mwanga wa jioni...

("Viti vyote vilikuwa vya watu!" anafoka Mzee Cletus. "Tuliviweka tukaenda kulala, kama siku zote! Mimi cha kwangu kilikuwa cha pili! Asubuhi tunarudi, mahali pamefagiliwa!" Mtu mwingine: "Na ndugu zake Rusty je, walikuwa wapi?" Rusty, mdomo umejaa: "Sisi tulilala ndani ya pikapu. Mama yangu hakai kwenye kiti cha nje, ana mgongo." Kelele. "Wakachukua yote!" "Maboksi yote kumi na moja!")

Utulivu! Naomba utulivu! Tuitazame hali hii kwa jicho la takwimu. Kabla ya operesheni foleni ilikuwa na viti kumi na saba. Baada ya operesheni ilikuwa na sifuri. Huo ni upungufu wa foleni kwa asilimia mia moja katika usiku mmoja, na hakuna kaunti jirani iliyowahi kuufikia. Pili, risasi zote zilizofika dukani zilinunuliwa na wakazi wa Sugarcamp, japo wa ukoo mmoja. Tatu, viti kumi na sita vilivyobaki viko salama kwenye banda la chumvi, na wenyewe wanaweza kuvichukua kwa kujaza fomu.

("Lo! Fomu tena!" "Njia ya mwongo fupi, Kamishna!" Wakati huohuo kofia ya Mzee Cletus imeanza kupita meza hadi meza. Kila inakopita kunasikika kitu kidogo kikigongana na kingine.)

Nashukuru kuona wananchi wameanza kuchangia Ghala kwa hiari yao. Huo ndio uzalendo! Pitisheni, pitisheni, msione haya.

("Hii Emil alinipa mwaka juzi, nilipoishiwa kule mtoni," anasema mwanamke mmoja akitumbukiza. "Namrudishia." Nyuma yake mwingine: "Na mimi alinipa mbili." Mzee Cletus, ambaye hana hata moja, ameweka kipande cha peremende. "Mama, utatafuna ukimvizia kulungu juu ya mti." Mama Verna amejifuta macho kwa kofia yake na hajali nani anamwona.)

Endeleeni kuchangia huku mimi nikitoa ratiba ya utekelezaji. Awamu ya kwanza ni upembuzi yakinifu. Awamu ya pili ni kuupembua upembuzi huo. Awamu ya tatu ni ziara ya mafunzo, ambayo kwa kuwa maghala bora yako sehemu zenye joto, itafanyika Florida, mwezi wa pili.

(Kofia imefika meza ya tano. Rusty anaiangalia, anampa jirani bila kuweka kitu. Mama yake, Mama Dolores, anaweka uma chini. Anamnong'oneza sikioni. Rusty anainuka, anatoka nje, mlango wa pikapu unasikika, anarudi na boksi zima na kulibwaga ndani ya kofia, uso mwekundu kama bitiruti. "Msinitazame hivyo! Mama ameniambia nisirudi nyumbani." Ukumbi unalipuka kwa makofi.)

Asanteni, asanteni sana kwa makofi hayo, nami nitajitahidi kuyastahili. Naam, ileteni hapa mbele hiyo kofia. Nzito, eh? Kaunti yenu inapo... Ebo! Hizi ni risasi.

("Ni za Mama Verna," anasema Mzee Cletus, akiwa amesimama mbele ya jukwaa na mikono nyuma. "Tumebakiza wewe tu." "Zile za uchunguzi!" wanaitikia meza za nyuma. Kamishna anatazama dari. Anatazama picha ya Ghala. Anaingiza mkono mfuko wa koti.)

Ndugu wananchi, napenda kutangaza kwamba uchunguzi umekamilika.

(Anaweka moja. "Moja tu?" Anaweka nyingine. Ukumbi unasubiri. Anatoa boksi, analiangalia kama mtu anayeagana na ng'ombe, analiweka. Kelele za shangwe ambazo hajawahi kuzipata katika vipindi vitatu. "Na wewe Harlan, njoo Jumapili ijayo," Mama Verna anamwambia. "Nikipata, nitakukatia paja.")

Asante, mama. Siwezi kusema zaidi... Ninaweza, lakini nitafupisha. Kwa kuwa mlengwa wa kwanza wa mradi ameshahudumiwa kabla ya muda, na kwa kiwango kinachozidi lengo kwa asilimia elfu mbili, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba awamu ya kwanza ya Ghala imefaulu chini ya uongozi wangu. Nikisema "Risasi!", mseme "Kwa zamu!" Risasi!

("Bingo!")

Mlanguzi!

("Kaa chini!")

Sugarcamp!

("Rudisha kiti!")

Kinarudi, kinarudi, nakuja kwenye shukrani. Namshukuru mke wangu, aliyeichora picha hii ya Ghala kwa rangi zilizobaki za kupaka mayai ya Pasaka, na ndiyo maana bati ni la kijani. Namshukuru mhandisi wa mradi, atakayepatikana. Namshukuru mwenye kiwanja ambacho Ghala litajengwa, popote alipo, kwa kuwa bado hajui. Nalishukuru Baraza la Kaunti kwa kuujadili mradi huu kwa kina mwezi wa tisa na kuukataa kwa kura mbili dhidi ya yangu. Na kipekee namshukuru Mama Verna Hrabchak kwa kiti hiki cha njano, ambacho mpaka jioni hii ndicho kitu pekee kilichokuwa kimeandikishwa kama mali ya Ghala.

(Mama Verna amepanda jukwaani taratibu, kofia ya risasi mkono mmoja. Anakishika kiti kwa mkono mwingine na kushuka nacho kuelekea mlangoni.)

Basi. Mradi wote ndio huo unatoka mlangoni. Mfungulieni. Namba ya kwanza ya bingo ni ipi?