Kiti cha Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Mei

Mama mkwe anakuja Ijumaa, atakaa nasi mpaka goti lake lipone. Katoka kupasuliwa. Makochi yetu ni ya chini mno. Kuinuka ni kazi hata kwa mwenye magoti mazima. Shemeji, kaka yake mke wangu, akasema atanunua kiti kirefu dukani. Mara nikasikia mtu akisema hakuna haja, kiti atakitengeneza yeye kwa mikono yake. Mtu huyo alikuwa mimi! Mke wangu akaacha kutafuna. Akanikumbusha kwa upole ile rafu iliyoangukia birika. Nashukuru kuoa mtu mwenye kumbukumbu. Ila kosa lile lilikuwa la ukuta.

Jumapili, 4 Mei

Nimenunua mbao. Muuzaji kanionya kuwa bado mbichi, niziache kivulini zikauke kwanza. Goti la mtu lisubiri mbao? Haiwezekani.

Randa ya kulainishia mbao sina. Jirani anayo. Ni daktari wa meno mstaafu, siku hizi anachonga mbao kujiburudisha, na vifaa vyake vinang'aa kama vya hospitali. Sikutaka ajue kuwa sijui. Nikamwambia naazima kwa niaba ya rafiki yangu mmoja, ndiyo kwanza anajifunza, tena mbishi kidogo. Mpango safi! Daktari akanipa randa pamoja na ushauri wa kumpelekea rafiki: afuate nyuzi za mbao zinakoelekea, asizipinge.

Nimezipinga. Ubao unaonekana umetafunwa na mbuzi.

Jumanne, 6 Mei

Likizo hii niliyoomba ofisini ni baraka. Nimetoboa matundu kwa patasi, nikachonga na ndimi, yaani zile ncha za mbao zinazoingia kwenye matundu. Wanasema ulimi hauna mfupa. Sasa naamini. Ndimi zangu zinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Nikarudi kwa Daktari. Je, rafiki yangu akijaza nafasi kwa gundi na unga wa mbao? Daktari akafumba macho. Akasema hiyo ni sawa na kuziba jino bovu kwa chingamu. Akauliza rafiki anaishi wapi. Nikasema mbali. Akasema ajabu, mbona nyundo yake inasikika vizuri hivi. Mcheshi kweli! Nashukuru kupata jirani wa namna hii.

Gundi na unga wa mbao vimeshaingia.

Alhamisi, 8 Mei

Nilikikalia kiti kukijaribu kabla gundi haijakauka. Kiti na suruali vikawa mwili mmoja. Mke wangu akaja na mkasi, akanikomboa, kisha akanipikia chai. Sijui wanaume wengine wanaoa wapi! Kipande cha suruali kimebaki kitini. Ukikitazama kwa mbali ni kama mto.

Mguu mmoja umeanza kupinda. Nimeugeuzia ukutani.

Ijumaa, 9 Mei

Wamefika. Mama mkwe mkono mmoja kashika mkongojo, mwingine kashikwa na Shemeji, uso umekunjamana kwa maumivu. Akakiona kiti. Akasimama.

"Mwanangu," akasema, "hiki umenitengenezea mimi?"

Machozi yakamlenga. Akageuka ili akae.

Nikaliona lile goti. Bandeji nyeupe, na mguu unatetemeka. Nikaukumbuka ule mguu wa kiti uliopinda. Nikajitupa kitini mimi kwanza.

Kra! Nikajikuta sakafuni nimekumbatia mguu wa kiti.

Kisha Mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mke wangu anasema hajamsikia akicheka tangu apasuliwe. Shemeji hakucheka. Alinipa mkono, akaniinua, akaninong'oneza asante. Na mimi miaka yote nilimhesabu mpinzani!

Nje ya dirisha, kichwa cha Daktari kikachomoza juu ya ukuta wa uani. Kikauliza kama rafiki yangu ameumia.

Jumapili, 11 Mei

Daktari katoa mbao zake kavu, alizokuwa akizitunza mpaka apate kazi ya maana. Kazi ya maana, anasema, ndiyo hii. Shemeji akakata. Daktari akaunganisha. Mimi nikapewa msasa. Msasa tu, na huo nao nikiangaliwa. Nikasugua mpaka vidole vikafa ganzi.

Jioni Mama akakaa. Akashika mikono ya kiti, akainuka. Peke yake! Akakaa tena, akainuka tena, kwa raha tu. Akapapasa mbao, akasema ni laini kama shavu la mtoto mchanga, nani kazisugua? Mke wangu akajibu kuwa ni mimi, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu harusi yetu.

Mungu anipe nini tena?

Jumanne, 13 Mei

Shoga yake Mama alikuja kumjulia hali. Akakisifu kiti. Akauliza kama ni kazi yangu. Nikasema kwa kiasi kikubwa. Ana wajukuu pacha, anatafuta wa kuwatengenezea kitanda cha ghorofa, mmoja alale juu, mwingine chini. Nimemkubalia papo hapo! Akataka niende nikapime chumba. Nikamwambia hakuna haja, watoto nimewaona kwenye picha, si warefu.

Mke wangu katoka sebuleni bila kusema kitu. Kuna furaha zisizo na maneno.