Mgoni Niliyemfuata Shimoni Genkuru

Leo nimeaibika mchana kweupe. Nawaambia mwenyewe kabla shemeji zangu hawajawafikia.

Mke wangu Bhoke amepata kibarua kwa watu wa mambo ya kale, wale wanaochimba hapa Genkuru kabla greda la barabara mpya halijapita. Tangu aanze, nyumbani hakukaliki. Mtaalamu kasema hivi, mtaalamu kasema vile. Mimi nikisema kitu anaitikia "mh". (Huyo mtaalamu nilishamwona. Ana kofia pana, na hajui hata kuswaga ng'ombe.)

Asubuhi nikamwona anatia mswaki mpya kwenye mkoba. Mara dada yake akampigia simu, akatoka nayo nyuma ya jiko. Nikasogea kidogo (haya, nilijibanza ukutani), nikasikia:

"Mzee wangu nilimfunika vizuri jana, umande usimpate. Mrefu huyo. Na meno yake, dada, yote yapo."

Mimi nina pengo. Mbele.

Chai nikaiacha. Kofia nilishaivumilia, lakini mzee, tena wa kufunikwa? Alipoondoka nikachukua fimbo, nikampitia kaka yangu Marwa awe shahidi. Njiani nilimweleza yote, naye akanisihi nisimpige mtu, nimsute tu.

Tukafika. Mtaalamu alikuwa pembeni anaandika. Nikampita bila salamu, maana kumbe si yeye. Bhoke alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo na wenzake, mswaki mkononi. Nikasimama ukingoni, nikakaza sauti:

"Yuko wapi huyo mzee wako mwenye meno?"

Kazi ikasimama. Bhoke akanitazama mimi, akaitazama fimbo, akamtazama Marwa. Kisha akasogea kando taratibu.

"Huyu hapa, Baba Mwita. Msalimie."

Nikachungulia. Mifupa mitupu, imelala ubavu, magoti yamekunjwa. Fuvu limesuguliwa kwa ule mswaki hadi udongo wote umetoka. Na kweli, meno yote yapo.

Ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini watu wote wananikodolea macho, kichwa kimevurugika, mdomo ukajiendea wenyewe.

"Shikamoo," nikasema.

Marwa alikaa chini palepale (shahidi gani huyo). Mtaalamu akavua kofia akajifunika uso, mabega yakawa yanamtikisika. Bhoke peke yake hakucheka. Aliniambia kwa upole nirudi nyumbani, uji uko jikoni, na kwamba mzee huyo alizikwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi.

Nimerudi kwa njia ya mashambani, nisikutane na mtu.

Jioni Bhoke ameniambia kwamba mzee atafungwa kwenye boksi, apelekwe Dar. Msinicheke, lakini nimemshukuru Mungu.