Vijiti Kumi vya Sauti Nene

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji yangu mdogo anaolewa, na baba mkwe ametoa amri. Anayetaka kuwa mshereheshaji ajirekodi, atume, na Jumamosi familia nzima itasikiliza sebuleni kwake. Tumejitokeza wawili: mimi na mwanyumba wangu, aliyemuoa dada mkubwa wa mke wangu. Yule ana sauti, jamani! Akiomba chumvi mezani utadhani anasoma taarifa ya habari. Yangu mke wangu anasema ni ya kawaida. Dada yake anasema ni breki za baiskeli.

Miaka minane nimeoa nyumba ile. Mwanyumba anaitwa "mwanangu". Mimi naitwa "yule bwana". Inaniuma, sifichi. Na sababu ni sauti, hakuna nyingine.

Nimepakua programu ya ikwalaiza, ya kurekebisha sauti, kwenye kompyuta. Tutaona.

Jumanne, 4 Juni

Nimejirekodi chumbani. Kusikiliza: aibu tupu. Breki kweli! Na kwa nyuma birika linapiga filimbi jikoni, halafu mke wangu anaongea na dada yake kwa simu, mchirizi wa maneno usioeleweka.

Basi nikafungua ikwalaiza. Vijiti kumi vimesimama mstari mmoja. Vya kushoto ni vya mlio mzito, vya kulia ni vya mlio mwembamba. Nikapandisha vya kushoto hadi juu kabisa. Spika ya kompyuta ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Takataka. Nikachukua hedifoni za mke wangu bila kumuuliza, nikashusha vya kulia hadi chini.

Mungu wangu! Birika limefutika. Mke wangu kafutika. Nimebaki mimi peke yangu, mzito, kama waziri anayezindua daraja. Nikabonyeza na kitufe kilichoandikwa "Ukumbi", nikawa mawaziri wawili. Kuna kitaa chekundu kinawakawaka pembeni. Nadhani ndivyo inavyopongeza.

Nimehifadhi, nimetuma. Sikurudia hata mara moja. Kazi safi hairudiwi.

Jumatano, 5 Juni

Mwanyumba kaja. Simu yake imetumbukia kwenye ndoo ya maji, anaomba ajirekodi kwenye kompyuta yangu. Nikamwambia karibu sana, ndugu yangu, nyumba ni yako. Alipokwenda kunawa nikageuza vijiti: kushoto vyote chini, kulia vyote juu.

Akarekodi, akavaa hedifoni, akajisikiliza. Akanywea. Akaniuliza kama siku zote huwa na sauti ya mbu. Nikampa pole, nikasema labda ni mafua, labda ni umri. Nilitegemea aage aondoke.

Haendi! Akarekodi tena. Akatoa sauti kifuani. Bado mbu. Akarudia, taratibu, akilipa kila neno haki yake. Akarudia tena. Kamaliza jagi letu la maji. Mtu gani hachoki? Mwishowe kakata tamaa, katuma hivyo hivyo, kichwa chini. Nikamsindikiza hadi getini kwa huruma nyingi.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Sebule imejaa. Baba mkwe kaunganisha simu yake na spika kubwa kama kabati. Kaanza na mwanyumba. Nikajiandaa kusikitika. Ikatoka sauti nene, imetulia, kila neno limenyooka! Mbu yuko wapi? Mama mkwe kapiga makofi. Yule mwenyewe kashangaa kuliko wote.

Ikaja zamu yangu. Breki. Zilezile. Birika nalo likapiga filimbi, sebule nzima ikajaa. Na nyuma ya birika, kwenye spika ile kubwa, mke wangu akasikika neno kwa neno, akimwambia dada yake:

"Mwache tu. Anadhani baba hampendi kwa sababu ya sauti."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Baba mkwe kakohoa, kazima spika. Mke wangu kaangalia zulia. Mimi nikasema nadhani kuna hitilafu ya umeme.

Nje, mwanyumba kanifuata. Nikamlalamikia vijiti vyangu, kanieleza kwa upole, tena kwa ile sauti yake. Eti vijiti vile hubadili ninachosikia mimi tu masikioni. Kilichorekodiwa hakiguswi, kinakwenda kilivyo. Halafu akanishukuru! Asingejisikia mbu kwangu, anasema, asingerudia hata mara moja. Nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye.

Jumapili, 9 Juni

Baba mkwe kapiga simu. Nilidhani ni kunifukuza kwenye ukoo. Akasema:

"Mwanangu, nani kakwambia sikupendi?"

Mwanangu. Nimekaa kwenye ngazi, machozi yananilenga. Akasema kosa ni lake, tangu siku ya posa hakulishika vizuri jina langu na akaona haya kuuliza tena. Miaka minane! Akasema mshereheshaji ni mwanyumba, lakini mimi nitakaa naye meza ya mbele, na mashine ya muziki ya ukumbini itakuwa chini yangu. Sharti moja: nibonyeze kitufe cha kuwashia na cha kuzimia, kingine chochote nisikiguse. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote.

Mke wangu kafurahi. Anasema sasa nimeona mwenyewe, haikuwa sauti.

Nimetafakari. Ilikuwa sauti. Vijiti kumi ni vichache, ndiyo maana. Jioni nimepita ukumbini kuiangalia ile mashine, kuiangalia tu. Ina vijiti thelathini na kimoja. Na maiki ya mwanyumba inapita humo humo.