Quatre-Chevaux ya Papa Libérat Inauzwa

Jumapili, 6 Oktoba 1996

Imewaka! Leo, baada ya misa ya kwanza, imekohoa, imetoa moshi mweusi, halafu imenguruma. Motokari ya Kifaransa, Quatre-Chevaux ya mwaka wa hamsini na mbili! Ndogo kama sufuria iliyofunikwa, lakini milango minne. Ni ya marehemu Papa Libérat, baba mkwe wangu, aliyeachiwa motokari hiyo na mfanyabiashara Mgiriki aliyekimbia uhuru. Tangu Papa afariki, kuku walikuwa wanatagia ndani. Nimewafukuza. Nimeipaka rangi ya buluu ya mitumbwi, nimeshonea viti kitambaa kipya, nimesugua vyuma kwa majivu na ndimu mpaka najiona meno.

Mulongwe nzima, mtaa wetu, imekuja kutazama. Jirani Aimé, ambaye hana hata baiskeli yenye breki, alifungua mbele kutafuta moteri, akakuta gurudumu la akiba. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilimwambia moteri iko nyuma, sawa na akili za watu fulani.

Nimetundika kartoni: IKO YA KUUZISHA. Honorine, mke wangu, hakupendezwa. Anataka kwanza nimpeleke mama yake misa. Mama Pudentienne anaumwa miguu, hajafika parokiani tangu Pasaka, na motokari ilikuwa ya mume wake. Nikaeleza kwa upole kwamba kiti kipya hakikaliwi kabla ya mnunuzi. Mama alisema si neno, mukwe wangu, nitasali hapa hapa.  Jioni Honorine amenipakulia ugali bila samaki wa ndagala.

Jumanne, 8 Oktoba

Mnunuzi! Cyprien, mchuuzi wa samaki wa bandari ya Kalundu. Mtu mzito, mpole, mikono kama makasia. Aliizunguka motokari bila kuigusa. Kabla ya kuingia alivua viatu.

"Minye nilibebaka mizigo ya ule Mugiriki," alisema, ameshika usukani. "Miaka mingi. Hata siku moja hakuniambia nikae ndani."

Halafu akatoa neno lake. Ananipa boti yake kubwa, ile inayofika hadi Kigoma, pamoja na moteri yake. Tubadilishane, basi.

Nilikaribia kukubali. Lakini boti inanuka ndagala. Tena nilijiambia: mtu anayevua viatu kuingia katika motokari, huyo bado ana kitu kingine nyumbani. Kwa hiyo nikatoa uso wa huzuni, nikamwambia kuna mzungu wa Bukavu anayekusanya motokari za zamani, anakuja kuiona. Cyprien alivaa viatu vyake polepole. Alisema ameelewa. Mzungu asipokuja, nimwite.

Honorine alisikia yote toka jikoni. Akauliza mzungu gani. Nimemwomba asiingilie biashara.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mzungu wangu anazaana. Kwa sababu ya mdomo wa Aimé, sokoni sasa ni wazungu wawili, na wanakuja na ndege. Muuza chumvi mmoja ameniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mle ndani ya motokari mna dhahabu. Sikukana. Nilitabasamu tu na kutazama ziwa. Nilijiona mtu mkubwa.

Cyprien hajarudi. Atarudi.

Jumatano, 16 Oktoba

Siku mbaya. Wanasema vita inashuka. Watu wa tambarare wanapita na magodoro kichwani, wengine toka karibu na Kamanyola. Honorine anasema nikimbilie Kalundu leo leo, nikubali ile boti. Nimemfundisha: watu wakikimbia, motokari inapanda bei yenyewe.

Sikumaliza kumfundisha. Kamanda mmoja aliingia uani na basoda wake wenye bunduki, wanatafuta dhahabu ya wazungu! Waligonga paa, wakapasua kiti nilichoshona, wakakwaruza rangi ubavu mzima. Niliapa kwamba hakuna dhahabu, wala hakuna mzungu. Kamanda alisema sawa, lakini motokari yenyewe inampendeza, na Jumapili ataichukua kwa kazi ya Serikali.

 Walipoondoka, akili ikaja. Nimechomoa kile kidude cha delko kinachogawa moto kwenye moteri. Bila hicho, motokari ni kabati tu. Nimekizika ndani ya mfuko wa unga wa muhogo. Sikumwambia mtu. Siri ya mtu mmoja haivuji!

Jumapili, 20 Oktoba

Ushindi! Basoda wamekuja. Wamezungusha manivele, kile chuma cha kuwashia, wamesukuma, wametukana mama zetu wote, wameipiga teke. Kimya. Wameiacha. Minye nilisimama pembeni, uso wa msiba, na ndani ya roho nacheza ngoma.

Walipopotea njiani, nikakimbilia mfuko wa unga.

Hakuna mfuko.

Honorine ameugawa. Kuna jamaa ya mkulima mmoja wa tambarare, Havyarimana, walilala barazani kwetu na watoto wenye njaa. Asubuhi wameondoka, hakuna anayejua njia gani. Wameenda na unga. Wameenda na delko yangu! Nilimpigia Honorine kelele: kwa nini hakuniuliza? Alinitazama kama anavyotazama mvua ikinyesha juu ya nguo alizoanika.

"Weye, Gratien, unafichaka watu wa nyumba yako mambo kuliko basoda."

 

Ijumaa, 25 Oktoba. Makobola

Naandika katika kijiji hiki cha barabara ya Fizi, nimekaa juu ya jiwe. Peke yangu.

Jana risasi zilianza upande wa juu. Mji mzima uliingia katika barabara ya Fizi. Mama Pudentienne hawezi kutembea. Honorine alimbeba, akamweka ndani ya motokari, juu ya kiti kilichopasuka. Hakuniomba ruhusa. Akaanza kusukuma. Nikasukuma. Na Aimé, ambaye hatukumwita, akatupa mzigo wake ndani na kusukuma. Aimé!

Mama alikaa na rozari yake, akipungia watu mkono kama askofu aliye ziarani. Wakati mmoja aligeuka, akasema: "Mukwe wangu, kiti ni kizuri kabisa." Nilisukuma huku nimeinamisha kichwa, ili asione macho yangu.

Baada ya Kalundu kuna mpando. Tulisukuma, ikarudi. Tulisukuma, ikarudi. Ndipo tuliposikia mtu anaita toka majini. Cyprien! Boti yake imejaa watu, ameisogeza karibu na mawe. Alishuka mpaka kiunoni, akapanda barabarani, akamweka Mama mgongoni, akarudi naye ndani ya maji. Hakuitazama motokari. Honorine akapanda. Cyprien akaninyooshea mkono.

"Na weye, kuya. Fasi iko."

Niligeuka nyuma. Imesimama pale, buluu, mlango wazi. Jua limeipiga. Uzuri gani! Nilisema watangulie, nitaificha kwenye migomba halafu nitafuata. Honorine hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepanda, nadhani. Alinitazama tu, halafu akamfunika mama yake kitenge.

Aimé akapanda katika fasi yangu.

Ile moteri iliwaka kwa mvuto mmoja tu. Moteri nzuri. Ingekuwa yangu.

Motokari sikuificha. Basoda waliokuwa wanakimbia walikuja na kamyo ya jeshi, wakaifunga kamba, wakaivuta. Kwenye kona kamba ikakatika. Ikashuka yenyewe, polepole, kwa heshima, ikaingia ziwani. Hata kuzama haikuzama vizuri. Paa limebaki nje. Nilipoondoka, ndege mmoja mweusi alikuwa amekaa juu yake anakausha mabawa.

Jumapili ile, misa. Parokia si mbali. Ningempeleka Mama, ningemrudisha, hata esansi ndani ya tanki nisingeimaliza.

Jumamosi, 9 Novemba. Makobola

Habari! Mvuvi mmoja amevuka toka Kigoma. Mama Pudentienne mzima. Anauliza kama motokari ilipata majivu na ndimu baada ya vumbi lile. Hakuna aliyemwambia iko ziwani. Honorine mzima. Yeye hakuuliza kitu, lakini ametuma neno: kesho alfajiri kuna boti, na ndani yake fasi moja ni yangu. Ameipata kwa kutoa vitenge vyake vya harusi.

Nimelia. Mtu mzima, nyuma ya choo cha shule. Niliviona vile vitenge, vya manjano, alivyovikunja kila mwaka na kuvirudisha sandukuni. Nimeapa kwa jina la mama yangu: nikifika Kigoma nitapiga magoti mbele ya Honorine, nitambeba Mama misa mgongoni, na biashara sitaigusa tena hadi kaburi.

Hiyo ilikuwa asubuhi.

Mchana nilipita kwa mzee Protais kuomba maji. Mzee mzuri, kiziwi kidogo, watoto wake wote wako Kigoma na hana njia ya kuwafikia. Nyuma ya nyumba yake nikaona kitu cheupe chini ya majani makavu. Friji! Friji ya petroli, ya wakati wa wazungu wa mashamba ya pamba! Nimekwaruza kutu kwa ukucha: chini ni safi kabisa. Inakosa mlango tu, na bomba moja. Na vita ikiisha, nani kwenye ziwa lote hili hatataka bia baridi?

Tumebadilishana: mzee Protais anaondoka alfajiri katika fasi yangu, na friji ni yangu. Nimempigia kelele sikioni kwamba amweleze Honorine vizuri. Ameitikia kwa kichwa. Nadhani amesikia.

Honorine atafurahi. Mlango utapatikana. Boti ingine pia.